Korongo Asiye na Nakala

Katika ukoo wetu, ukitaka kumbeba mtoto mchanga wa mtu, lazima kwanza uambiwe: "Mshike vizuri, huyu hana nakala." Wageni hucheka. Wengine hudhani ni utani wa wanawake wa ukoo huu, na mkwe wetu mmoja aliwahi kuuliza kama ni dua. Si dua. Maneno hayo ni ya Shangazi, na hayakuzaliwa kwenye malezi. Yalizaliwa kiwandani, katika chumba cha ruwaza, baada ya programu ya kompyuta kumla korongo.

Shangazi ni dada mdogo wa Baba. Alianza kazi katika kiwanda cha masweta akiwa msichana, chumba cha kupigia pasi, mahali ambapo mvuke ulimfanya kila mtu aonekane kama anatoka kuoga. Huko ndiko alikokutana na mumewe. Yeye alikuwa mchoraji wa ruwaza, mtu mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni hata akiwa msibani, na sisi watoto tulimwita Baba Penseli. Kazi yake ilikuwa kuchora juu ya karatasi ya miraba picha itakayofumwa kifuani mwa sweta. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja cha uzi. Mraba uliopakwa ni rangi hii, mraba mtupu ni rangi ile. Chini yake, kwenye ukumbi, akina mama walifuma kwa mashine za mkono, zile za kusukumwa huku na huku siku nzima, wakifuata karatasi yake.

Chumba cha ruwaza kilikuwa ghorofani, juu ya mashine. Kilikuwa na meza ndefu dirishani, rafu za nyuzi zilizopangwa kwa rangi, na harufu ya sufu mbichi iliyochanganyika na mafuta ya mashine. Sakafu ilikuwa ya mbao na ilitetemeka tangu asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba penseli zilijiviringisha zenyewe na kuanguka. Baba Penseli alizipiga randa upande mmoja ili zitulie. Nilipokwenda kumsalimu nilikuwa nikipewa moja, nami niliipeleka shuleni kwa majivuno, penseli bapa ambayo hakuna mwenzangu aliyekuwa nayo.

Katika picha zake zote, iliyojulikana zaidi ilikuwa ya korongo. Aliichora kwa ajili ya shule moja ya bweni ya wasichana, iwe nembo yao: ndege mweupe juu ya sweta la buluu iliyoiva, amesimama kwa mguu mmoja, shingo ameirudisha nyuma kama anayemsikiliza mtu aliye mgongoni kwake. Mistari sabini kwenda chini, safu arobaini na nane kwenda upande. Sweta la kwanza kabisa la korongo huyo alilivaa yeye mwenyewe.

Hawakujaliwa watoto. Baba Penseli alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Shangazi alizichonga penseli zake zote, akazipanga mezani, akaomba akalie kiti chake. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikuwa amejifunza kuchora kwa kumtazama, na mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Tajiri, hakuwa na mtu mwingine.

Miaka michache baadaye Tajiri alinunua mashine ya kufuma inayoongozwa na kompyuta. Ilikuwa imetumika tayari huko ilikotoka, na kijitabu chake cha maelezo kilikuwa kimepotea. Mtaalamu aliyekuja kuifunga aliandika nusu ya programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akapata kazi penye hewa nzuri zaidi, akaondoka. Kompyuta ikabaki chumba cha ruwaza, kioo chake cheusi kikimtazama Shangazi, naye akiitazama.

Watu wengi wa siku hizi, wakifika hapo, huomba mtu awafanyie, au hunakili kitu wasichokielewa na kuomba Mungu kifanye kazi. Shangazi alivuka barabara. Upande wa pili kulikuwa na chuo, na kila Jumamosi baada ya saa saba kulikuwa na somo la C kwa watu wazima wenye kazi zao. Alijiandikisha, akanunua miwani, akakaa mstari wa mbele.

Mwalimu wao alikuwa mwembamba, anayesema taratibu, aliyepewa jina la Nukta-mkato kwa sababu kila alipopita nyuma ya mwanafunzi aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha na kusema, "Nukta-mkato iko wapi?" yaani ile alama ambayo kila amri ya C huishia nayo. Mimi nilikuwa nimemaliza stashahada yangu na kupata kibarua cha kupanga masweta pale pale kiwandani, na Jumamosi nilimsindikiza Shangazi ili turudi pamoja. Nilikaa nyuma. Ndiyo maana somo lile la jedwali ninalikumbuka.

Katika C, picha ya korongo huwekwa kama jedwali la namba: mistari na safu, moja kwa kitanzi cheupe, sifuri kwa kitanzi cha buluu. Kazi zinazofanywa na jedwali hilo, kama kulionyesha kwenye kioo au kulipeleka kwenye sindano, kila moja huandikwa kama kipande cha programu chenye jina lake, yaani fanksheni, nayo hupelekewa jedwali.

"Sasa sikilizeni," Mwalimu alisema. "Mkisema mmepeleka jedwali kwenye fanksheni, mnajidanganya. Jedwali halisafiri. Limekaa pale pale lilipo. Kinachosafiri ni anwani ya mahali linapoanzia."

"Kwa hiyo hiyo fanksheni yenyewe inaona nini?" Shangazi akauliza.

"Inaona mlango wa mwanzo tu, mama. Basi."

"Masikini!"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akageuka akaandika ubaoni:

void fuma(int korongo[][48], int mistari);

"Mabano ya kwanza ni matupu, ya pili yana namba. Idadi ya mistari unaweza kuipeleka pembeni, kama hivi. Lakini idadi ya safu lazima iwe humo ndani ya mabano. Usipoiandika, kompyuta inakataa hata kukusikiliza."

"Kwa nini safu, isiwe mistari?" akauliza baba mmoja aliyekuwa karani wa stoo.

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Shangazi alikuwa ameshazamisha mkono kwenye mkoba wake. Alitoa kipande cha kitambaa kilichofumwa, sampuli ya ukubwa wa kiganja, akakipata kichwa cha uzi, akavuta. Kitambaa kikaanza kufumuka mstari baada ya mstari, uzi wenye mawimbi mawimbi ukimwagika mapajani mwake.

"Ni uzi mmoja," alisema, kama anayejiambia. "Mwalimu, si ndivyo? Humo ndani ya kompyuta hakuna mistari. Kuna uzi mmoja mrefu. Mstari ni pale unapogeuka. Sasa kama hujui ugeuke baada ya vitanzi vingapi, utafuma nini?"

"Utafuma kamba," akasema karani wa stoo.

"Utafuma kamba!" Shangazi alirudia kwa furaha, na darasa likapiga makofi.

Mwalimu Nukta-mkato alisimama na chaki yake hewani. "Mama, wiki ijayo nitakuja kukaa hapo, wewe usimame hapa." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya taratibu: "Lakini kuna jambo la pili. Kwa kuwa mmeipa fanksheni anwani, hamkuipa nakala. Itakachokigusa humo, imekigusa chenyewe. Hakuna kingine pembeni."

Hayo ya pili Shangazi hakuyasikia vizuri. Alikuwa anakunja uzi wake, uso umemchangamka kama wa bibi harusi, na jirani yake alikuwa akimwambia jinsi alivyomfungua macho. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Ujinga haumdanganyi mtu, maana anaujua. Kinachomdanganya ni ile nusu aliyoielewa vizuri, ambayo humfanya asiitafute nusu nyingine.

Alimhamisha korongo kutoka kwenye karatasi ya Baba Penseli kwenda kwenye kompyuta kwa mkono wake, mraba kwa mraba. Siku ya kwanza kumwonyesha, fanksheni ya kuchora aliiandikia safu arobaini na saba badala ya arobaini na nane. Kompyuta ilinung'unika kwa maneno mawili matatu, akaipuuza. Korongo akatokea kiooni ameinama, kila mstari umeteleza kidogo kuliko ule wa juu yake, kama mlevi anayeanguka polepole. Mama aliyeendesha mashine mpya, ambaye kwa ajili ya mdomo wake aliitwa Redio, alishika ukuta kwa kucheka.

"Wifi, huyu ndege wako kapitia wapi kabla ya kuja kazini?"

"Nyamaza wewe. Amekosa kitanzi kimoja tu."

"Kimoja? Na mimi nikikosa kimoja tu nitalala hivyo?"

Alirekebisha. Korongo akasimama wima, na kwa misimu kadhaa wasichana wa shule ile wakavaa masweta yaliyotoka kwenye mashine ile. Ile karatasi ya miraba iliwekwa kwenye droo. Mvua za mwaka mmoja zilipasua paa juu ya droo hiyo, na karatasi ikageuka uji. Shangazi aliisikitikia, lakini alisema, "Si neno. Yumo humu," akaipigapiga kompyuta begani kama mtu.

Basi shule ikaomba, kwa mara ya kwanza, masweta ya wasichana wadogo wa darasa jipya. Kifua cha mtoto hakimbebi korongo wa mistari sabini. Shangazi akaandika fanksheni mpya, akaiita punguza. Ilichukua kitanzi kimoja, ikaruka kimoja, ikachukua mstari mmoja, ikaruka mmoja, mpaka korongo akawa nusu ya alivyokuwa, na kwingine kote ikajaza sifuri. Aliijaribu Ijumaa mchana. Sweta la mtoto likatoka na korongo mdogo katikati ya kifua, mzuri, shingo yake nyembamba kama uzi wenyewe. Chumba kizima kilimshangilia. Akaifunga programu, nayo, kama alivyoifundisha yeye mwenyewe, ikahifadhi jedwali kama lilivyokuwa wakati huo. Kisha akaweka na kwenye disketi, maana alikuwa mwangalifu.

Jumamosi asubuhi Redio alianza sweta la mtu mzima, la sampuli ambayo Tajiri aliitaka. Nilikuwa chini nikipanga mizigo niliposikia anaita.

"Wifi! Wifi, njoo! Korongo kazaa!"

Lilikuwa sweta kubwa la buluu, pana, tupu kabisa kifuani. Kwenye pembe ya juu, karibu na bega, alikuwepo kifaranga amejibanza peke yake. Wanawake walicheka mpaka wakakaa. Shangazi naye alicheka, akapanda ngazi kwenda kurekebisha. Hakushuka.

Nilipomfuata nilimkuta amekaa mikono mapajani. Kioo kilionyesha korongo mdogo pembeni na sifuri tupu kwingine kote. Disketi ilikuwa ndani ya kompyuta, nayo ilikuwa na korongo yule yule mdogo.

"Nenda chuoni," aliniambia bila kugeuka. "Mwambie Mwalimu namwomba."

Mwalimu Nukta-mkato alikuja na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Aliisoma fanksheni kuanzia juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za nukta-mkato.

"Umempunguza mle mle ndani, mama. Hukumwandalia mahali pengine."

"Nilimpeleka tu kwenye fanksheni."

"Hukumpeleka. Nilisema halisafiri. Uliipa anwani yake, ikaenda nyumbani kwake ikamkata huko huko."

"Ile mistari iliyorukwa iko wapi?"

Mwalimu alivua miwani. "Hairudi, mama. Imeandikiwa juu."

Mashine za chini ziliendelea kutetemesha sakafu. Redio, ambaye alikuwa amepanda nyuma yangu, ndiye aliyeanza, na alisema kwa nia njema kabisa: "Wifi, mwambie Tajiri umeme ulikatika. Kila siku unakatika. Umeme hauna mdomo wa kujibu."

"Umeme haukuandika fanksheni hii," Shangazi alisema.

Aliinuka, akanyoosha gauni lake, akashuka ofisini. Sikumuona akisita mlangoni. Nilimfuata kwa sababu niliogopa angezirai, na nilimsikia akisema kwa maneno manne matano yaliyonyooka: korongo amepotea, nimempoteza mimi, kwa kutojua nilichopaswa kujua.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Mezani kwake palikuwa na kibandiko cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kimetariziwa ndege asiyefanana na ndege yeyote, kilicholetwa na mwuzaji wiki iliyopita.

"Jumatatu saa nne Mwalimu Mkuu wa shule anakuja kuona sampuli," alisema. "Nikiwa na korongo wa kufumwa, tunaendelea kama siku zote. Nikiwa sina, nitanunua hivi vya kubandika. Na nikinunua hivi, dada yangu, sihitaji tena chumba cha ruwaza. Nitakifanya stoo. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia."

"Nimesikia, Tajiri. Umesema haki."

Kurudi juu, Redio alikuwa na shauri jingine: tutafute msichana wa ile shule, tumvue sweta. Lakini ilikuwa likizo, na wasichana wa bweni walikuwa wametawanyika kila upande.

"Sihitaji msichana," Shangazi alisema. "Najua lilipo la kwanza."

La kwanza lilikuwa limevaliwa na Baba yangu. Alipewa baada ya msiba, na tangu hapo halikumtoka mwilini kila kulipokuwa na baridi. Jumapili asubuhi tulimkuta nyumbani, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kikombe chake cha chai, korongo kifuani, viwiko vimetiwa viraka vya rangi mbili.

"Kaka, shikamoo. Vua sweta."

"Marahaba. Nivue nini?"

"Sweta."

"Na baridi hii? Wewe umekuja kunisalimu au kunipora?"

Alipoelezwa, aliweka kikombe chini. Kisha akavua, taratibu, kichwa kikakwama kolani kama kawaida yake. Alivaa koti juu ya fulana na kuchukua kofia.

"Unakwenda wapi sasa?" Mama alimwuliza.

"Sweta langu haliendi popote peke yake."

Mlinzi wa kiwanda alitufungulia. Sijawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya vile. Mashine zilikuwa zimelala, na kwa mara ya kwanza penseli ya duara iliyokuwa mezani ilibaki ilipowekwa. Shangazi alilitandaza sweta juu ya meza ya mumewe, akalibana kwa pini pembe zote. Lilikuwa limefuliwa mpaka vitanzi vimeshikana, sufu imekuwa kama ya kondoo tena. Alichukua sindano ndefu ya kufumia, akawa anavitenganisha kimoja kimoja. Baba alivaa miwani na kusoma: "mwanga" kwa kitanzi cheupe, "giza" kwa cha buluu. Mimi niliandika kwenye kompyuta, moja na sifuri, mfululizo bila kukata, na programu yenyewe ikageuka kila ilipofika arobaini na nane.

"Giza, giza, giza, mwanga, mwanga, giza... Mnajua hili sweta alilivaa siku ya kwanza akaenda nalo kunyolewa? Kinyozi akamwuliza..."

"Kaka, soma."

"Nasoma. Kinyozi akamwuliza, huyo bata umemnunua wapi? Akakaa miezi hanyoi kwake... mwanga, mwanga, giza."

Tulipomwangalia kiooni, kichwa na shingo vilikuwa safi. Kuanzia mgongoni, mistari yote tuliyokuwa tumeandika ilikuwa imehama kitanzi kimoja kando, kama mtu aliyeteguka kiuno.

"Hapo ndipo kwenye kinyozi," Shangazi alisema.

Tulirudi tukakitafuta kitanzi kilichorukwa, tukakipata, na kila kilichofuata kikarudi mahali pake chenyewe. Baba hakusimulia tena. Alisoma kwa sauti ya mtu asomaye kanisani au msikitini, kidole chake kinene kikifuata sindano ya dada yake. Mwanga wa dirishani ulikuwa umefika nusu ya meza tulipofika kifuani mwa korongo.

"Mwanga, mwanga, mwanga, giza, mwanga..."

"Subiri. Giza wapi?"

"Hapa."

"Haiwezekani. Hapo ni katikati ya kifua, hapo ni mwanga mtupu."

"Mimi nasoma ninachokiona, mdogo wangu. Giza."

Shangazi aliinama. Alidhani ni doa, akaligusa kwa ukucha. Akadhani ni kiraka, akapenyeza sindano na kuangalia nyuma ya kitambaa. Uzi wa buluu ulipita nyuma, ukajitokeza mara moja, ukarudi. Ulikuwa umefumwa humo tangu mwanzo.

Akakaa kitini.

"Nilimrekebisha," alisema. "Kwenye karatasi kulikuwa na mraba mmoja hapo haukulingana na wenzake. Nikadhani penseli yake iliteleza kwa ajili ya hii sakafu. Nilipomwingiza kwenye kompyuta nikauweka sawa."

"Haikuteleza," Baba akasema. "Aliniambia mwenyewe. Wale mama wa mashine za mkono wakiitwa kunywa chai walikuwa wakirudi hawajui wamefika mstari gani, wanafumua, wanaanza upya, wanakatwa mshahara. Akawawekea kidoa. Ukikiona, umefika nusu. Hakumwambia Tajiri maana angeambiwa anaharibu picha."

"Mimi mbona hakuniambia?"

"Wewe ulikuwa chumba cha pasi. Ungekiona ungesema ni uchafu, ungekisugua."

Shangazi alicheka, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la gauni, akaifuta kwa muda mrefu. Ndiyo mara pekee niliyomwona hivyo.

Nilijaribu kusaidia. "Shangazi, hii mashine haihitaji alama. Kompyuta haiendi kunywa chai."

"Andika sifuri," alisema.

Nikaandika sifuri.

Jumatatu asubuhi, kabla hajamruhusu Redio kugusa mashine, alimwita Mwalimu Nukta-mkato avuke barabara. Fanksheni ya punguza ikaandikwa upya. Safari hii ilipewa majedwali mawili, la korongo wa asili na jingine tupu la kuwekea mdogo. Mbele ya lile la asili Mwalimu alimwonyesha neno dogo, const, ambalo ni ahadi kwamba fanksheni itaangalia bila kugusa, na ukivunja ahadi hiyo, kompyuta itakukamata palepale. Shangazi alipenda neno hilo kuliko yote aliyofundishwa. Alisema laiti watu nao wangekuwa na mahali pa kuliandika.

Mwalimu Mkuu wa shule alifika saa nne, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini iliyozoea kutiiwa. Alilishika sweta kwa mikono yote miwili, akalipeleka dirishani. Tajiri alisimama pembeni, kile kibandiko mfukoni.

"Hiki kitu cheusi kifuani ni nini? Mbona masweta ya miaka iliyopita hayakuwa nacho?"

Tajiri alikuwa hajakiona. Alimtazama Shangazi kwa jicho ambalo wafanyakazi wote tulilifahamu.

Ingekuwa rahisi kusema ni kosa dogo, litaondolewa mchana. Nusu yake ingekuwa kweli hata, kwa kuwa lingeondolewa mchana.

"Si kosa, mama," Shangazi alisema. "Kosa lilikuwa kwenye yale ya miaka iliyopita, na nililifanya mimi. Mchoraji alimwekea korongo kitanzi hicho, alama ya nusu ya safari kwa waliokuwa wakifuma kwa mkono. Mimi nilikitoa kwa kutojua."

"Sasa hivi kinasaidia nini?"

"Hakisaidii kitu. Ila ndivyo alivyochorwa."

Mwalimu Mkuu alikikwaruza kwa kidole gumba. "Wazazi watanirudishia, watasema sufu ina madoa."

"Wengine watarudisha," Shangazi akakubali.

Tulisubiri. Mashine ziliendelea kunguruma, na sweta likatetemeka mikononi mwake kama kitu chenye pumzi.

"Basi kiacheni," alisema. "Nitawaambia wanafunzi paredi ya kwanza. Wasichana wa siku hizi wanahitaji kuonyeshwa kwamba wamefika nusu tu."

Tajiri alikitia kibandiko kwenye droo, akafunga. Chumba cha ruwaza kikabaki chumba cha ruwaza kwa miaka mingine mingi.

Sasa hakipo. Kiwanda kilifungwa masweta ya bei nafuu yalipojaa masokoni, na nilipopita pale mara ya mwisho jengo lilikuwa ghala la vigae. Sakafu ya mbao haitetemeki tena. Redio alihamia kwa mwanawe, Mwalimu Nukta-mkato alistaafu, Baba alizikwa, na sweta tulilitoa mwilini mwake tukalikunja na kulihifadhi, maana hilo nalo halina nakala. Kiwanda kingine kilichochukua kazi ya ile shule kilimjia Shangazi kuomba korongo. Aliwapa disketi, lakini kwanza aliniita nihakikishe mbele ya macho yake kwamba nyingine imebaki.

Leo anaishi kwangu. Macho yamefifia, lakini asubuhi za baridi hupenda kukaa getini, saa wasichana wanaporudi bweni na mabegi yao. Juzi mmoja alisimama kumwamkia. Shangazi hakuweza kuona kifua cha sweta lake, kwa hiyo aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, asimwaibishe mtoto wa watu.

"Kipo?"

Nilimwangalia vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu angejua kama nimejibu tu ili kumfurahisha.

"Kipo, Shangazi."

"Haya, binti," alimwambia yule msichana. "Nenda. Bado nusu."